Jinsi ya Kuiga Mfumo Wenye Vitu Vichache Vinavyohesabika: Mwongozo Kamili

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ana bakteria watano, anaingiza viwango vya kugawanyika na kufa kwenye programu ya uigaji, na programu inamrudishia bakteria 5.37. Anajua hakuna bakteria wa sehemu ya desimali, kwa hiyo anaamuru programu ikadirie kila jibu hadi namba nzima iliyo karibu. Hapo ndipo modeli inapoharibika kabisa.

Dawa si kukadiria. Idadi ikiwa ndogo, mfumo haufai tena kuandikwa kama maji yanayotiririka. Unapaswa kuandikwa kama matukio: hili limetokea, lile halijatokea, na bahati ina sehemu yake. Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi hiyo kwa mfano mmoja, kisha unaonyesha namna ya kuhakiki kwamba ulichojenga ni sahihi.

## Unachohitaji

- Python pamoja na NumPy, au programu ya hifadhi na mitiririko (hifadhi ni idadi iliyopo, mtiririko ni kinachoingia au kutoka) kama Vensim au Stella. Kwa kemia ya seli, COPASI inatosha na hutalazimika kuandika msimbo.
- Orodha ya matukio yote yanayoweza kubadilisha idadi.
- Kiwango cha kila tukio pamoja na kizio chake cha muda.
- Idadi ya kuanzia kwa namba nzima.
- Jibu moja linalojulikana kwa hesabu ya karatasi, la kupimia modeli. Wengi huliacha hili, na ndilo linalookoa muda kuliko yote.

Mfano wetu: bakteria 5. Kila mmoja hugawanyika kwa kiwango cha 0.3 kwa saa na hufa kwa kiwango cha 0.2 kwa saa. Tunafuatilia saa 20.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji njia hii

Katika mifumo mingi mtikisiko wa bahati huwa karibu na 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa vitu 10 ni takriban asilimia 32. Kwa 100 ni asilimia 10. Kwa 10,000 ni asilimia 1, na hapo milinganyo ya kawaida inatosha.

Usiangalie jumla peke yake, angalia kundi dogo kuliko yote. Kijiji cha watu 5,000 chenye mgonjwa mmoja ni mfumo wa kitu kimoja, maana hatima ya mlipuko wote imeshikwa na huyo mgonjwa mmoja.

Mfano unaojulikana ni wa mbweha. Modeli ya mtiririko iliyochapishwa mwaka 1986 kuhusu kuenea kwa kichaa cha mbwa miongoni mwa mbweha nchini Uingereza ilionyesha ugonjwa ukizimika, kisha ukirudi kwa wimbi la pili. Mwaka 1991 Denis Mollison, mtaalamu wa hisabati ya uwezekano, alibainisha kwamba kati ya mawimbi hayo ugonjwa ulikuwa umebebwa na takriban 10⁻¹⁸ ya mbweha kwa kilomita ya mraba. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa umekwisha, ila modeli haikuwa na namna ya kufika sifuri.

## Hatua ya 2: Elewa kwa nini kukadiria kunavunja modeli

Chukua bakteria wetu. Ongezeko halisi ni 0.3 toa 0.2, yaani 0.1 kwa saa kwa kila mmoja. Ukitumia hatua ya muda ya saa 0.1, hatua ya kwanza inaongeza 5 × 0.1 × 0.1 = 0.05. Jibu ni 5.05, linakadiriwa kuwa 5. Hatua inayofuata ni hivyo hivyo. Bakteria wamekwama kwenye 5 milele.

Sasa tumia hatua ya saa 1. 5.5 inakuwa 6, 6.6 inakuwa 7, 7.7 inakuwa 8. Kundi linapanda bila kusita.

Viwango ni vile vile, mfumo ni ule ule, na majibu mawili hayana uhusiano. Tena katika majibu yote mawili kundi haliwezi kufa, ingawa nafasi ya kufa kabisa ipo na si ndogo, kama tutakavyoona. Ukikuta modeli inayokadiria ndani ya kitanzi (sehemu ya msimbo inayojirudia), ondoa mstari huo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

## Hatua ya 3: Andika jedwali la matukio

Kila tukio lipewe mambo matatu: jina, badiliko, na kasi. Kiwango ni cha kitu kimoja. Kasi ni ya kundi zima kwa wakati huo. Hapa n ni idadi ya bakteria waliopo.

| Tukio | Badiliko | Kasi |
|---|---|---|
| Kugawanyika | +1 | 0.3 × n |
| Kufa | −1 | 0.2 × n |

Usijumlishe matukio mawili yanayopingana kuwa moja. Kuandika "ongezeko la 0.1 × n" badala ya kugawanyika na kufa kunatoa wastani ule ule lakini kunafuta bahati yote. Kundi lenye viwango vya 0.3 na 0.2 hutikisika kuliko lenye 0.1 na 0, hata kama mistari yao ya wastani inalalia mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, mmenyuko wa kikemia unaokwenda na kurudi lazima ugawanywe kuwa miwili kabla ya kuigwa kwa njia ya nasibu, yaani ya matukio ya bahati. COPASI hukataa kuendelea mpaka ufanye hivyo.

Tahadhari ya jozi. Kama tukio linahitaji vitu viwili vya aina moja kukutana, idadi ya jozi ni n(n − 1)/2, si n²/2. Kwa vitu 1,000 tofauti haionekani. Kwa vitu 2, jozi ni moja, lakini n²/2 inatoa 2, mara mbili ya ukweli. Kwa kitu 1, jozi ni sifuri, lakini n²/2 inatoa 0.5: kitu kinakutana na nafsi yake, vinaondolewa viwili, na idadi inakuwa −1. Ukiona −1 kwenye matokeo, anza kutafuta hapa.

## Hatua ya 4: Geuza vizio kuwa hesabu ya vitu

Kama viwango vyako viko kwa ukolezi, vigeuze sasa. Nanomoli 1 kwa lita ndani ya ujazo wa femtolita 1, ambao ni takriban ujazo wa seli ya E. coli, ni molekuli 0.6. Ukiandika "ukolezi wa kuanzia ni nanomoli 1", programu haijui kama unataka molekuli sifuri au moja. Amua wewe.

Kwa molekuli za aina mbili tofauti zinazokutana, gawanya kiwango kilichoandikwa kwa ukolezi kwa zao la namba ya Avogadro (idadi ya molekuli katika moli moja) na ujazo katika lita. Kiwango cha lita 10⁶ kwa moli kwa sekunde, ndani ya femtolita 1 kinakuwa takriban 0.00166 kwa sekunde kwa kila jozi. Kwa molekuli za aina moja zinazoungana mbili mbili, fuatilia namna kiwango kilivyofafanuliwa pale ulipokitoa, kwa sababu kuna 2 inayopotea au kujirudia kirahisi.

Ujazo ndio mtego mkubwa wa wanaoanza na programu za kemia. Mililita 1 yenye milimoli 1 kwa lita ina molekuli zaidi ya 6 × 10¹⁷. Njia ya nasibu inafuata tukio moja moja, kwa hiyo programu itaganda au kutoa onyo, na mtumiaji atadhani imeharibika. Punguza ujazo hadi wa seli halisi.

Dalili ya mafanikio: idadi zote za kuanzia ni namba nzima, na kila kasi ina kizio kimoja tu: matukio kwa muda.

## Hatua ya 5: Jenga injini ya tukio kwa tukio

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza kwa kila mfumo mdogo, kwa kuwa haina hatua ya muda ya kuchagua na haina kosa la kukadiria muda. Ilienezwa na Daniel Gillespie katika miaka ya 1976 na 1977. Kila mzunguko una maswali mawili: tukio lijalo ni lini, na ni lipi?

Muda wa kusubiri unatoka kwenye mgawanyo wa kieksponenti wenye wastani wa 1 gawanya kwa jumla ya kasi zote. Tukio lenyewe linachaguliwa kwa uwiano wa kasi yake katika jumla hiyo.

```
import numpy as np

def endesha(n0, b, d, mwisho, rng):
    t, n = 0.0, n0
    nyakati, idadi = [t], [n]
    while n > 0:
        kasi_b = b * n
        kasi_d = d * n
        jumla = kasi_b + kasi_d
        t += rng.exponential(1 / jumla)
        if t > mwisho:
            break
        if rng.random() * jumla < kasi_b:
            n += 1
        else:
            n -= 1
        nyakati.append(t)
        idadi.append(n)
    return nyakati, idadi

rng = np.random.default_rng(71)
nyakati, idadi = endesha(5, 0.3, 0.2, 20, rng)
```

Mambo manne ya kuangalia.

Sharti `n > 0` lipo kwa sababu kasi zote zikiwa sifuri unagawanya kwa sifuri. Katika mfumo wenye aina nyingi za vitu, sharti liwe juu ya jumla ya kasi.

`rng.exponential` inataka wastani wa kusubiri, si kasi. Ukiipa `jumla` badala ya `1 / jumla`, kundi kubwa litakwenda polepole na dogo litakwenda mbio. Programu haitalalamika.

Kasi zikokotolewe upya baada ya kila tukio. Kuziweka nje ya kitanzi ni kosa dogo kuandika na gumu kuona.

Angalia pia mahali pa `break`: tukio linalotua baada ya saa 20 halihesabiwi. Ukiangalia muda baada ya kubadilisha idadi, kila jaribio linapata tukio moja la ziada.

Kwa mfano wetu jaribio moja lina matukio 160 kwa wastani, kwa hiyo majaribio 10,000 ni matukio milioni 1.6. Kompyuta ya kawaida inamudu.

## Hatua ya 6: Kama lazima utumie hatua za muda

Programu za hifadhi na mitiririko husonga kwa hatua za muda zilizo sawa. Inawezekana kuzitumia, ila kwa masharti.

Chagua Euler, njia inayopiga hesabu ya mtiririko mara moja tu kwa kila hatua. Njia za Runge-Kutta hupiga hesabu ya mtiririko mara kadhaa ndani ya hatua moja na kuchanganya majibu kwa uzito. Ukichanganya namba nasibu namna hiyo, desimali zinarudi kwenye hifadhi.

Gawanya mtiririko kwa hatua ya muda. Programu huzidisha kila mtiririko kwa hatua ya muda kabla ya kuuongeza kwenye hifadhi. Kama vifo ni 2 na hatua ni 0.125, mtiririko uandikwe 2 / 0.125 = 16, ili zao lirudi kuwa 2. Ukisahau, vinaondoka vifo 0.25, na desimali zimerudi tena. Kwenye Vensim gawanya kwa `TIME STEP` yenyewe, usiandike namba kwa mkono, la sivyo ukibadilisha hatua modeli inaharibika kimya kimya.

Tumia hatua inayopatikana kwa kugawa 1 kwa mbili tena na tena. 0.5, 0.25, 0.125, 0.0625. Kompyuta huhifadhi namba hizi bila kosa lolote. 0.1 haihifadhiki kikamilifu, na baada ya hatua nyingi hifadhi inaweza kusoma 2.9999999 badala ya 3.

Tumia mgawanyo wa binomia (wangapi kati ya waliopo wamepatwa na tukio), si wa Poisson (idadi ya matukio isiyo na kikomo cha juu), kwa vitu vinavyotoka. Poisson haijui kundi lina wangapi. Kwa bakteria 5 na hatua ya saa 1, vifo vya Poisson vina wastani wa 1, na mara 6 hivi katika kila 10,000 vitazidi 5. Ukiwa na majaribio elfu yenye hatua nyingi, idadi hasi ni suala la muda tu. Binomia haiwezi kutoa zaidi ya waliopo. Vensim ina kazi zote mbili, `RANDOM BINOMIAL` na `RANDOM POISSON`. Soma mpangilio wa viambajengo vyake kabla ya kujaza.

Matukio yanayoshindania kitu kimoja yachorwe kwa pamoja. Usichore wanaogawanyika peke yao na wanaokufa peke yao, maana bakteria mmoja anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kwanza chora wangapi wamepatwa na tukio lolote, kwa uwezekano wa 1 − exp(−(b + d) × hatua), ambapo b ni kiwango cha kugawanyika na d ni cha kufa. Kisha, kati ya hao, chora wangapi wamekufa, kwa uwezekano wa d / (b + d). Waliobaki wamegawanyika.

Fomula ya eksponenti inakulinda dhidi ya uwezekano unaozidi 1. Haikulindi dhidi ya hatua iliyo kubwa mno, kwa sababu bakteria aliyezaliwa katikati ya hatua hafanyi kitu mpaka hatua inayofuata. Katika mfano wetu, wastani wa kweli baada ya saa 20 ni 36.9. Hivi ndivyo njia ya hatua inavyoukaribia:

| Hatua ya muda (saa) | Wastani unaotarajiwa saa ya 20 |
|---|---|
| 1 | 22.7 |
| 0.125 | 34.3 |
| 0.0625 | 35.6 |
| 0.015625 | 36.6 |

Hatua ya 0.125, ambayo wengi wangeiona ni ndogo vya kutosha, imekosea kwa asilimia 7. Kanuni ya kazi: punguza hatua kwa nusu mpaka jibu liache kusogea zaidi ya kosa unalolivumilia.

Zipo pia njia za kuruka matukio mengi kwa mkupuo. Ni nzuri pale makundi mengine ni makubwa na mengine madogo, mradi programu ifuate tukio moja moja kwa kila kundi lililokaribia kuisha. Kizingiti kinachotumika sana ni tukio kuweza kutokea mara zisizofika 10 kabla kundi halijaisha.

## Hatua ya 7: Pima modeli kwa jibu linalojulikana

Usiongeze hata tukio moja jipya kabla ya hatua hii kupita. Mfumo wa kugawanyika na kufa una majibu kamili ya karatasi. Kwa namba zetu, saa ya 20:

- wastani: 36.9
- mkengeuko sanifu: 34.4
- uwezekano kwamba kundi limeshakufa lote: 0.102
- uwezekano wa kufa lote siku yoyote baadaye: (0.2 / 0.3)⁵ = 0.132

Endesha majaribio 10,000. Kosa sanifu la wastani ni 34.4 gawanya kwa 100, yaani 0.34, hivyo wastani wako uwe kati ya 36.2 na 37.6 hivi. Sehemu ya waliokufa iwe kati ya 0.096 na 0.108. Ukipata wastani sahihi lakini waliokufa ni wachache mno, umejumlisha matukio yanayopingana. Ukipata wastani wa chini kwenye njia ya hatua, hatua ni kubwa.

Kwa mfumo ambao vitu vinaingia kutoka nje kwa kasi isiyobadilika na kutoka mmoja mmoja, jaribio ni rahisi zaidi: baada ya kutulia, wastani na varianzi (mkengeuko sanifu ukizidishwa kwa wenyewe) lazima ziwe sawa, na zote mbili ziwe kasi ya kuingia gawanya kwa kiwango cha kutoka.

Tazama tena hizo namba nne. Mkengeuko unakaribia kuwa sawa na wastani. Zaidi ya robo tatu ya makundi yatakayowahi kufa yameshakufa ndani ya saa 20 za mwanzo, yaani hatari imejazana pale ambapo idadi bado ni ndogo. Modeli ya mtiririko ingekupa mstari mmoja unaopanda hadi 36.9 na isingegusia lolote kati ya haya.

## Hatua ya 8: Endesha mara nyingi na ukusanye kwa usahihi

Jaribio moja si jibu. Ili kukadiria uwezekano wa 0.01 kwa kosa la asilimia 10 ya namba hiyo, unahitaji majaribio karibu 10,000. Kwa wastani wa kawaida, elfu moja mara nyingi inatosha.

Mbegu. Andika mbegu, yaani namba inayoanzisha mfululizo wa namba nasibu, ndani ya faili la matokeo ili mwenzako apate jibu lile lile. Usiunde kizalishi kipya chenye mbegu ile ile ndani ya kitanzi cha majaribio. Utapata nakala 1,000 za jaribio moja na mkengeuko wa sifuri. Ukigawa kazi kwa vichakato vingi, tumia `np.random.SeedSequence(71).spawn(1000)` ili kila jaribio liwe na mkondo wake.

Gridi ya muda. Kila jaribio lina nyakati zake, kwa hiyo huwezi kuchukua wastani moja kwa moja. Watu wengi hapa huunganisha nukta kwa mstari ulionyooka, na bakteria 5.37 anarudi kupitia mlango wa nyuma. Kati ya tukio na tukio idadi haibadiliki. Chukua thamani ya tukio la mwisho lililotangulia:

```
gridi = np.linspace(0, 20, 81)
nafasi = np.searchsorted(nyakati, gridi, side="right") - 1
kwenye_gridi = np.array(idadi)[nafasi]
```

Kwenye mchoro pia tumia ngazi, si mistari ya mshazari.

Usiripoti wastani peke yake. Toa sehemu ya waliokufa, kisha wastani wa waliosalia, ambao hapa ni 41.1, kisha asilimia ya 5, ya 50 na ya 95. Wastani wa 36.9 unachanganya sifuri nyingi na makundi yanayozidi mia.

## Makosa yanayorudi, na pa kutafutia

Idadi hasi. Jozi zimehesabiwa kwa n²/2, au Poisson imetumika kwa vitu vinavyotoka, au matukio mawili yamemchukua kitu kile kile ndani ya hatua moja. Usizibe kwa kulazimisha namba hasi kuwa sifuri. Hilo linaongeza vitu ambavyo havikuzaliwa, na wastani unapanda bila sababu.

Desimali kwenye hifadhi. Njia si Euler, mtiririko haukugawanywa kwa hatua ya muda, au idadi ya kuanzia ilitoka kwenye ukolezi.

Programu inaganda. Kundi moja limekuwa kubwa mno. Angalia ujazo kwanza, kisha fikiria njia ya mchanganyiko inayoliacha kundi kubwa litiririke na kuhesabu madogo mmoja mmoja.

Majaribio yote yanafanana. Mbegu inawekwa upya kila mara.

Hesabu ni sahihi lakini nyakati hazifanani na data. Njia hii yote inachukulia kwamba kitu hakikumbuki kimesubiri kwa muda gani: bakteria aliyegawanyika sasa hivi ana nafasi ile ile ya kugawanyika tena kama aliyekaa saa tatu. Mifumo mingi haiko hivyo. Kama muda halisi unakaribia kuwa sawa kwa kila kitu, gawanya hali hiyo kuwa vituo kadhaa mfululizo: vituo 4, kila kimoja na kiwango mara 4 ya cha awali, vinabakiza wastani wa kusubiri ule ule na kupunguza mkengeuko wake kwa nusu. Jedwali la Hatua ya 3 linaongezeka mistari, na injini inabaki na mantiki ile ile. Kama muda ni wa kudumu kabisa, kwa mfano mashine inayochukua dakika 12 kila mara, acha vituo na utumie kalenda ya matukio: tukio linapoanza, andika saa litakapoisha, na kila mara songa hadi saa iliyo karibu zaidi kwenye orodha. Rudia Hatua ya 7 baada ya badiliko lolote kati ya haya.